Nyenje wa Mwezi wa Pili

Kinuyo wa Juu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeuweza: hakumwona mtu ametulia akaacha kumchokoza. Siku ya harusi yake alimnong'oneza mshenga kwamba bwana harusi anatembea kama bata. Bwana harusi akasikia, akacheka mpaka sake, ile pombe ya mchele, ikamtoka puani, na hapo Kinuyo akajua kwamba ameolewa pazuri. Mume huyo aliishi naye miaka mingi akicheka, kisha akafa katikati ya mavuno ya yuzu, yale malimau ya kwao. "Amefanya makusudi, ili nibaki na makapu mawili," mjane alisema mazishini, na waombolezaji wakainamisha nyuso ili isijulikane nani analia na nani anajizuia.

Kijiji chao, Kamidani, kimeshikilia ubavu wa mlima huko kisiwa cha Shikoku, Japani, nyumba moja juu ya nyingine, na katikati ni ngazi za mawe na vishamba vya chai. Zamani kilikuwa na nyumba arobaini. Sasa moshi hutoka kwenye saba. Wote wanaitwa Ogata, kwa hiyo jina la ukoo halimsaidii mtu, na kila mmoja huitwa kwa nyumba yake: wa Juu, wa Mhunzi, wa Kinu, na kadhalika. Kinuyo ni wa Juu kwa sababu baada ya nyumba yake kuna mierezi, na baada ya mierezi kuna nguruwe mwitu.

Sasa sikiliza adabu ya Kamidani, maana bila hiyo hutamwelewa mwanamke huyu. Pale mtu haendi kwa mtu bila shughuli. Kumtembelea jirani kwa kuwa tu umemkumbuka ni kumtwisha mzigo: itambidi aache kazi, achemshe maji, atafute cha kutafuna, na kesho ashinde akijiuliza anapaswa kukulipa nini. Kwa hiyo watu hutafuta sababu. Anayerudisha bakuli ana sababu. Anayeuliza habari za nguruwe mwitu ana sababu. Na juu ya sababu zote palikuwa na ubao.

Ubao wenyewe ni kipande cha mbao nyembamba chenye kibanio, na kwenye kibanio karatasi za matangazo: lini watu watafyeka njia, lini gari la taka halitakuja, nani amefiwa. Mkuu wa kijiji huutoa kwake, nyumba ya kwanza inasoma, inagonga muhuri, inaupeleka kwa mkono nyumba ya pili, na hivyo hivyo mpaka juu. Aliyempelekea Kinuyo alikuwa Fusako wa Mhunzi.

Wawili hawa waliletwa Kamidani wakiwa maharusi majira ya kuchipua yaleyale, na tangu siku hiyo hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata kiasi cha chumvi ya kuchachushia figili. Fusako alikuwa mtu wa heshima zake, kola imenyooka, nywele zimebanwa, na ulimi aliouficha vizuri hadi afike ngazi ya mwisho.

"Bado hujafa?" Kinuyo angeuliza kutoka jikoni, akisikia zile pumzi.

"Nitakufaje na ubao uko kwangu? Nani ataupandisha?"

"Basi uweke hapo, uende zako."

"Ngoja nikae kidogo. Magoti yanalalamika."

"Afadhali magoti. Kwenye ile nyumba yako ndiyo yenye akili."

Kisha chai, kisha figili za Kinuyo ambazo Fusako alizitukana kwa chumvi na kuzimaliza, kisha habari za kijiji kizima zikipepetwa moja moja. Tangazo lenyewe lingesomwa mwishoni kabisa, tena upesi upesi, kwa sababu shughuli ni shughuli.

Mambo yakawa hivyo mpaka intaneti ilipotaka kupanda mlima.

Mkongo, ule waya unaobeba intaneti, ulikuwa umefika mji wa bondeni zamani, ukakaa hapo. Kila mwaka halmashauri ilisema mwaka kesho. Kwanza, nguzo zilihitaji ardhi, na wenye ardhi walikuwa wamehamia Osaka, au wamekufa bila kuandikisha warithi. Kipande kimoja cha mteremko, kisichotosha hata kulaza ng'ombe, kilikuwa kwa jina la mzee aliyezikwa kabla ya vita, na wajukuu zake walipotafutwa, mmoja akapatikana Brazili, akiuza vipuri vya pikipiki, akauliza Kamidani ni kitu gani. Kisha ilikuja mierezi, inayopenda kuangukia waya kila kimbunga. Kisha nyani, waliouona waya wa majaribio wakaamua umefungwa kwa ajili yao. Na haya yote yalipotatuliwa, kampuni ikapiga hesabu na kusema: nyumba saba ni chache mno, hatuvuti mpaka zote saba zijiunge. Sita haitoshi.

Sita zilikubali siku hiyohiyo. Ya saba ilikuwa ya Kinuyo.

Mkuu wa kijiji, Tokuji wa Kinu, alipanda na boksi la keki za maharage. Alikuwa na miaka sitini na minane, ndiye kijana wa kijiji.

"Bibi wa Juu, ni muhuri mmoja tu."

"Hiyo nguzo mnaisimamisha wapi?"

"Pale kwenye kona."

"Ndipo wanapopita marehemu wakija sikukuu ya Obon. Mume wangu alikuwa haoni vizuri. Atajigonga."

Tokuji akaenda, akaongea na kampuni, akarudi na boksi jingine. Nguzo imesogezwa. Kinuyo akasema basi sawa, lakini amesikia kwamba mwanga ule unaopita ndani ya waya huchachusha yuzu. Akaletewa mtu wa kampuni, na keki nyingine, amweleze kwamba mwanga hautoki nje. Akamsikiliza kwa makini, akamjazia chai, kisha akauliza kama mwanga huo huwa unalala, maana yeye hawezi kulala nyumba moja na kitu kilicho macho. Alifurahi mno katika mwezi ule. Uwanja wake haukuwahi kuona viatu vingi namna ile tangu mazishi, na keki zilijaa kabati mpaka akaanza kuwagawia walewale waliozileta.

Lakini chini ya mzaha palikuwa na jambo, na jambo lilikuwa hili. Tokuji, katika kusifia mradi, alikuwa ameropoka kwamba kila nyumba itapewa kishikwambi na matangazo yote yataingia humo. "Hakuna tena kupandisha ubao na magoti haya," alisema. Akadhani anawapa habari njema.

Ndipo siku moja akaja Fusako. Hakuwa na ubao. Alikuwa na bakuli aliloazima kwa Kinuyo enzi nyumba bado ina paa la nyasi, bakuli ambalo wote wawili walijua kwamba limekwisha kuwa la Fusako.

"Nimerudisha," akasema, akakaa bila kulalamikia magoti, na hilo tu lilimtia Kinuyo wasiwasi.

Wakanywa chai. Kisha Fusako akasema kwamba huko Sendai, mji wa mbali kaskazini, mjukuu wake amejifungua msichana. Picha huja kwa posta. Zikifika, mtoto aliyelala kwenye picha kumbe anakaa, na aliyekaa anatambaa. Wanasema kwenye kile kioo mtu humwona anavyocheka saa ileile anayocheka.

"Mimi Sendai sitafika tena, Kinuyo. Naomba."

Katika miaka yote ile Fusako alikuwa amedai, ameamrisha, amesuta. Kuomba hakuwahi. Kinuyo akanyanyuka, akaenda kwenye droo, akatoa muhuri wake. Alijua anachogonga. Alikuwa anamfungulia rafiki yake mlango wa Sendai na kujifungia wake mwenyewe, na muhuri haukutoka vizuri, ikabidi augonge mara mbili.

Waya ukapanda. Kishikwambi kikaja, kikawekwa pembeni ya madhabahu ya marehemu kwa kuwa ndipo penye soketi. Tangazo likiingia, kililia *ting*. Kinuyo alibonyeza mahali palipoandikwa "nimesoma", na shughuli ikawa imekwisha. Hakuna pumzi ngazini, hakuna wa kutukana figili.

Alijaribu. Alishusha konnyaku, jeli ya mizizi aliyoitengeneza mwenyewe, akaikabidhi mlangoni kwa Fusako. Lakini Fusako alikuwa na mtoto kwenye kioo wakati huo, anapigiwa makofi na Sendai nzima, na Kinuyo hakuwa na shughuli ya pili ya kumweka pale. Kesho yake *ting*, Fusako akapiga kwa video kushukuru. Kilichoonekana ni nusu ya paji la uso na dari.

"Unaniona?" paji likauliza.

"Nakuona. Umependeza leo, umekuwa dari."

"Kinuyo, kile kitu kiweke sawa."

"Cha kuweka sawa ni chako. Kunywa chai basi, nami ninywe."

Wakanywa, kila mtu kwake. Kinuyo akasikia chai inamezwa mbali huko chini, akafunika kishikwambi kwa kitambaa cha vyombo. Alikasirika siku nzima, wala hakujua amemkasirikia nani, akaishia kumgombeza kuku.

Kiangazi kikaja na nyenje. Hao wakubwa weusi, wanaokaa mitini na kupiga kelele tangu alfajiri mpaka mtu asahau jina lake. Asubuhi moja kishikwambi kikanyamaza. Ofisini kwa kampuni, bondeni, taa ya nyumba ya Juu ikazimika kwenye ramani yao, wakamtuma fundi.

Fundi aliitwa Iwasa, mtu wa makamo mwenye kitambi na macho ya usingizi, ambaye mkewe alikuwa amemwacha kwa sababu ya kuwa mtaratibu kupita kiasi. Alipapasa waya uliopita ukutani mwa ghala, akasimama.

"Nyenje," akasema.

"Nyenje wamefanya nini?"

"Jike akitaka kutaga hutafuta kijiti kikavu, anakitoboa, anaweka mayai. Huu waya anauona kijiti. Amechoma mpaka kwenye uzi wa kioo. Tundu lenyewe hili hapa, angalia."

Kinuyo akavaa miwani. Tundu la sindano nene. Akaliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kipuri hakikuwepo, ikabidi Iwasa arudi siku nyingine. Na kwa kuwa nyumba ya Juu haikuwa na mtandao, na tangazo la kufyeka njia lilikuwa limetoka, Tokuji akatoa ule ubao wa zamani stoo, akaupangusa vumbi, akampa Fusako. Jioni pumzi zikasikika ngazini.

"Bado hujafa?" Kinuyo akauliza, na sauti ikamponyoka ikawa ya furaha, akaikohoa haraka.

"Ningependa, lakini nyenje wako wamenipa kazi."

Fusako alikaa mpaka giza likaingia. Alitukana figili mara tatu.

Sasa, mtu mwema angemshukuru Mungu kwa bahati hiyo na kuiacha. Kinuyo hakuwahi kujidai mtu mwema. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kushona hatamu za farasi kabla farasi hawajaisha, na msharasi wake, ile sindano ya kutobolea ngozi, ulikuwa bado kwenye sanduku, mkali, na unene wake, ukiuangalia vizuri, ni wa tundu la nyenje kabisa. Kabla msimu haujaisha nyenje alitoboa tena ule waya wa ukuta wa ghala. Majani yalipoanza kuwa mekundu, nyenje mmoja aliyechelewa naye akautoboa. Waya aliotoboa ni ule unaoingia kwake peke yake, hilo alihakikisha. Sendai haikukatika hata siku moja.

Iwasa alikuja kila mara, akaunganisha uzi kwenye meza ya jikoni kwa sababu nje pana upepo, akala figili, akapiga simu ofisini akisema nyenje. Fusako alipanda na ubao. Kinuyo akanenepa kidogo.

Kisha mwezi wa pili ukafika, theluji ikalala juu ya ghala na juu ya yuzu zilizosahaulika mtini. Wiki tatu zilipita bila mtu kukanyaga ngazi. Kinuyo alijikataza. Alijiambia hata nyenje wana aibu. Alikaa miguu chini ya meza yenye moto, ile fupi inayofunikwa blanketi, akazungumza na mume wake, naye kama kawaida ya wafu hakujibu mzaha. Mwishowe asubuhi moja alivaa viatu vya mpira, akachukua msharasi.

Iwasa alikuja mchana wake. Barabara ya chini ilikuwa imezibwa na theluji iliyoporomoka, kwa hiyo alizunguka kwa njia ya msituni, akashukia nyuma ya nyumba. Alisimama mbele ya tundu, pumzi zake zikitoa moshi.

"Bibi," akasema.

"Naam."

"Nyenje?"

"Ni wao tu. Wasumbufu sana mwaka huu."

"Kwenye theluji hii?"

"Labda amevaa koti."

Iwasa alimtazama, akatazama mlima mweupe, akatoa simu. "Ndiyo, bosi. Nyenje. Ndiyo, najua ni mwezi wa pili. Huku juu kila kitu kinachelewa." Akasikiliza. "Sijui analia namna gani, bosi, sijamsikia, nimeona kazi yake tu."

Akaunganisha uzi pale mezani. Akawasha. Taa haikuwaka. Akakunja uso, akachukua kifaa chake cha kupimia waya, akashuka ngazi hadi kwenye kona, mahali ambapo mlima ni mkali kiasi kwamba mtu akisimama njiani waya unamfika begani. Kinuyo alibaki dirishani amechanganyikiwa. Msharasi wake haukufika kule. Mkono wake haukufika kule. Hii ilikuwa nini tena? Alihisi kama mwizi aliyekuta nyumba imekwisha kuibiwa.

Iwasa akarudi, akafuta theluji kichwani.

"Kuna tundu la pili kule kwenye kona. Kubwa. Huyu nyenje mwingine ana mkono mzito, amechoma mara nne ndipo akaupata."

Kabla Kinuyo hajasema kitu, pumzi zikasikika ngazini. Akatokea Fusako wa Mhunzi, skafu imefungwa mpaka kwenye macho, theluji magotini, ubao kifuani.

"Nimeleta ubao," akasema. "Mtandao wako umekatika."

"Nani kakuambia?"

Fusako akavua viatu polepole, akavipanga sawasawa, ncha zikitazama nje. Iwasa alikuwa amepita msituni, hakuonana naye. Tokuji alikuwa bondeni kwa daktari wa meno tangu juzi, na barabara imefungwa. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

"Nimekuuliza, Fusako. Nani kakuambia?"

"Nyenje," Fusako akasema, akakaa kwenye meza yenye moto.

Kinuyo akachukua ubao ili apate pa kuficha uso. Karatasi ilikuwa moja, imekunjamana. Lilikuwa tangazo la kufyeka njia la kiangazi kilichopita.

"Hili nimeshalisoma. Nimelifyekea mpaka mgongo ukauma."

"Lisome tena. Wewe huwa huelewi upesi."

Iwasa akainama juu ya waya wake akiunganisha, mabega yakimtikisika, na Kinuyo akamwekea figili nyingi kuliko siku zote. Ilikuwa alasiri nzuri kabisa. Lakini alipokuwa akifunga sanduku lake fundi alikohoa, akasema yasiyopendeza. Ofisi imechoka. Bosi ameagiza waya mwingine, wenye ganda gumu la chuma, utawekwa theluji ikiyeyuka kuanzia kwenye kona mpaka hapa. Nyenje yeyote, hata awe na nguvu namna gani, hautoboi.

"Samahani," akasema, na ilikuwa wazi kwamba anaomba samahani kweli.

"Vizuri," Fusako akasema. "Magoti yangu yatapumzika."

"Ndiyo," Kinuyo akasema. "Na figili zangu zitabaki."

Hakuna aliyecheka. Fusako alishuka mapema ili giza lisimkute, akiufuata ukuta kwa mkono mmoja.

Waya mgumu ukafungwa miti ya cherry ilipochanua. Iwasa akaondoka, Kinuyo akautoa msharasi akajaribu, kwa ajili ya kujua tu. Ncha ikakatika. Akaizika chini ya mti wa yuzu, akakaa kitako juu ya jiwe. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na alilia kama mtoto aliyenyang'anywa, bila kujificha kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumficha.

*Ting*, mkutano wa kijiji. *Ting*, chanjo. *Ting*, dubu ameonekana bonde la pili. Nimesoma, nimesoma, nimesoma. Majani ya chai yakachipua, marefu ya kuchumwa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, yeye yuko jikoni na maji hata hayajachemka, aliposikia ngazini zile pumzi. Zilisimama katikati. Zikaanza tena. Zikasimama nje ya mlango, wala hakuna aliyegonga.

Kinuyo akafungua. Fusako alikuwa amesimama pale, nywele zimebanwa, kola imenyooka. Hakuwa na ubao. Hakuwa na bakuli. Mikono yake mitupu ilikuwa inaning'inia, na hakujua aiweke wapi, akaifumbata mbele ya tumbo, akaiachia. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Umeleta nini?" Kinuyo akauliza.

"Sikuleta kitu."

"Una shughuli gani?"

Fusako akatazama mierezi, akatazama kuku, kana kwamba mmoja wao angemsaidia.

"Sina," akasema.

Mdomoni mwa Kinuyo palikuwa na maneno matatu ya kuchokoza, mazuri yote, yamejipanga yakingoja. Akayameza. Akasogea pembeni, akaacha mlango wazi.

"Basi ingia. Mtu asiye na shughuli hana sababu ya kuondoka."